Mwangwi wa Nne Masinga

Hakuna kitu kilichowahi kuzama majini kikalidanganya sikio la Musili.

Aliwahi kutafuta risasi moja katika bandari nzima, akaipata, akasema na imelala kwa ubavu upi. Aliwahi kumtambua kambale mfu kati ya kambale hai kwa mwangwi tu. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyembishia, maana aliyebishana na Musili alikosa chakula cha mchana.

Saa saba na dakika kumi za mchana, redio ya Motorola ilikohoa kiunoni mwake.

“Sikio, hapa Kichuguu. Nyuki ameingia mzingani.”

“Mzinga upi?”

“Ule mkubwa. Anaamka saa kumi na moja kamili.”

“Ana mwiba?”

“Kilo sabini.”

Musili alitupa nusu ya chapati dirishani na kukanyaga mafuta. Land Cruiser ilinguruma, mbuzi watatu wakaruka mtaroni.

Kwa lugha ya watu wa kawaida, habari ilikuwa hivi. Kichuguu alikuwa mkuu wake, Nzomo, mzee aliyeketi ofisini Machakos mjini na kuongea kama anayelipia kila neno. Asubuhi hiyo vijana wake walikuwa wamesimamisha lori pale Konza. Ndani hawakukuta mzigo, ila kitanda cha mbao cha urefu wa mtu, kilichonuka saruji mbichi. Dereva, Jeremiah, alikuwa ametokwa na jasho hadi kwenye nyusi. Alipopewa soda ya pili akasema yote.

Mgeni mmoja mwenye pasipoti tatu alikuwa amezamisha mashine katika bwawa la Masinga. Mashine inayoogelea yenyewe. Sasa ilikuwa imelala. Saa kumi na moja jioni ingeamka, iogelee hadi kwenye ukuta wa bwawa, ijilipue. Na chini ya ukuta ule, kando ya mto, kulikuwa na mashamba, masoko na shule, na maelfu ya watu waliokuwa wakifua nguo bila kujua kwamba leo ndiyo siku.

“Imelala wapi?” Musili aliuliza redioni.

“Jeremiah hajui. Alisikia tu mgeni akicheka. Akisema ameilaza mahali ambapo Mkamba hatagusa.”

“Mimi nitagusa.”

“Gusa haraka.”

*

Boti waliyoipata Musili na mwenzake Ndinda ilikuwa ya Mutanu, mwanamke mnene wa sauti nene aliyekaanga samaki pale ufuoni na kuvusha watu ng’ambo. Alikataa katakata kuwapa boti peke yao.

“Boti yangu haiendi bila mimi. Hata mume wangu simwachii, na huyo nimemzalia watoto watano.”

“Mama, hii ni kazi ya serikali.”

“Basi serikali ikae mbele, mimi nikae kwa injini.”

Ndinda, mpiga mbizi wa kikosi, alicheka huku akifunga mitungi yake ya hewa. Alikuwa msichana mfupi, mkavu kama mkaa, mwenye Glock kiunoni na kisu pajani. Alikuwa amefanya kazi na Musili miaka minne na bado hakuwa amemwamini hata siku moja.

“Utaona, mama,” alimwambia Mutanu. “Huyu ataanza kutoa hotuba saa hii.”

Hakukosea. Yamaha ilipoanza kunguruma, Musili alishusha chombo chake cha mwangwi majini, akafungua skrini, akavaa vipokea sauti, akaanza.

“Ni kama kupiga kelele bondeni, mama. Sauti inaenda, inagonga kitu, inatawanyika. Nyingine inapotea, nyingine inarudi kwangu. Mimi nasikiliza iliyorudi. Jiwe linarudisha yote, halina adabu. Tope linameza. Na samaki, unajua samaki haonekani?”

“Mimi namwona kila siku. Kwa karai.”

“Kwa sauti, mama. Nyama yake ni kama maji tu. Kinachong’aa ni kale kamfuko ka hewa tumboni. Hewa ndani ya maji inapiga kelele kuliko chuma.”

“Kumbe ni kama wanaume,” Mutanu alisema. “Hewa ndiyo inasikika.”

Ndinda alicheka mpaka barakoa ikamtoka.

Walichana bwawa kwa mistari, kwenda na kurudi. Saa tisa kasoro robo skrini ilionyesha sakafu ya bonde la kale. Njia ya ng’ombe. Visiki. Msingi wa nyumba ya mawe.

Kisha, kando ya msingi, mistatili minne.

Ilikuwa imepangwa sambamba, vichwa upande mmoja, kila mmoja na kivuli chake cheusi nyuma, mahali sauti haikufika.

Musili alivua kofia.

“Simamisha injini, mama.”

“Umeipata?”

“Hapana.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Hapa ni nyumbani.”

Hakuwahi kupaona. Alizaliwa baada ya maji ya bwawa kulifunika bonde. Lakini marehemu baba yake alikuwa amempa ramani hiyo kwa mdomo tangu akiwa wa kubebwa: msingi wa mawe, mlango ukitazama mlima, na wazee upande wa juu. Kila sikukuu, kabla ya kula, baba alikuwa akisema jambo lilelile. Kule chini tumewaacha wanne. Babu yako, nyanya yako, ami yako Kisilu, na mdogo.

Wanne. Akahesabu tena. Wanne.

Mwangwi wa kwanza ulisema *ta*. Wa pili *ta*. Wa tatu *ta*. Wa nne ulisema *ta*, na nyuma yake kukawa na kitu chembamba, kama mtu aliyemaliza kuongea lakini bado anajiongelesha. Sikio la Musili lilisikia. Kichwa chake kikaliambia linyamaze. Mbele ya wazee, mtu haulizi.

“Hapa safi,” alisema redioni. “Ni makaburi ya kwetu. Tunaendelea.”

Huo ndio uliokuwa ubingwa wa bingwa wetu.

*

Saa tisa na nusu Ndinda alitoka majini akitema mate.

“Tilapia,” alisema. “Elfu moja. Umenitumbukiza kwa vizimba vya samaki, Musili. Nimeangaliana na tilapia nusu saa.”

“Mwangwi ulikuwa mkubwa…”

“Kamfuko ka hewa,” Mutanu alisema polepole. “Si ulituambia?”

Musili alitazama mkononi. Saa yake ya Casio ilisema imebaki saa moja na nusu. Alirudisha picha za mchana kwenye skrini, moja baada ya nyingine, akitafuta kosa mahali pote isipokuwa lilipokuwa.

Mutanu aliinama nyuma ya bega lake.

“Hao ndio wenu?”

“Ndio.”

“Huyu wa mwisho ni nani?”

“Mdogo. Mtoto alikufa kabla yangu. Simjui sana.”

Mutanu alipima mstatili wa nne kwa kidole. Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za msiba:

“Mbona kaburi la mtoto liko na urefu wa mtu mzima?”

Boti ilitikisika kidogo. Musili alitazama mstatili wa nne, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona kilichokuwa pale, si alichoambiwa.

Alitoa simu.

*

Syombua, mama yake, alikuwa kijijini Katelembo, ameketi mbele ya nyumba akipukuchua mbaazi.

“Mwaitu.”

“Musili. Umekula?”

“Nimekula. Mwaitu, nakuuliza kitu, na nina haraka, unisamehe. Makaburi ya kule chini. Ni mangapi?”

Mbaazi zilikoma kuanguka kwenye sufuria.

“Kwa nini?”

“Baba alisema wanne.”

“Baba yako alihesabu watu,” Syombua alisema. “Makaburi ni matatu.”

Upepo ulipita juu ya maji.

“Mdogo hakujengewa?”

“Asi, Musili. Ungejenga nini? Mtoto asiyefikisha siku ya kupewa jina hajengewi. Bado si mtu, ndivyo walivyosema.” Alivuta pumzi. “Alizaliwa wiki ile ya kuhama. Lori lilikuwa tayari uani na vitanda juu. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya jina. Mkunga alimchukua na kitambaa, akatoka naye upande wa ghala, akarudi na mikono mitupu. Mimi sikuonyeshwa mahali. Kisha tukapanda lori.”

“Mwaitu…”

“Alikuwa na nywele nyingi,” Syombua alisema. “Fanya kazi yako.”

Simu ikakatika.

Mutanu hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshageuza boti, na Yamaha ilikuwa ikipiga kelele ya mwisho iliyokuwa nayo.

Musili alishusha chombo tena juu ya mistatili minne. Safari hii alituma sauti nzito, ya chini, ile inayoingia ndani ya vitu badala ya kuvigonga ngozi tu.

*Ta.*

*Ta.*

*Ta.*

*Ta-nnnng.*

Jiwe hujibu mara moja likanyamaza, maana ni jiwe hadi moyoni. Chuma chenye hewa ndani kina tabia nyingine. Sauti hukizunguka, ikapita tumboni, ikatoka ikiwa imechelewa, na kitu kizima kinalia kama debe. Unaweza kukipaka saruji. Unaweza kukilaza kando ya wazee wa watu kikiwa kimenyooka kama marehemu. Lakini ukikiita vizuri, kitajibu kwa sauti yake mwenyewe.

“Kichuguu, hapa Sikio. Nyuki amepatikana.”

“Wapi?”

“Katikati ya watu wangu.”

*

Ndinda alizama saa kumi na dakika tano. Alikuwa na kifaa cha kuongelea ndani ya barakoa, na boti ilikuwa na spika ya majini ya kumjibu.

“Ni yenyewe,” alisema, huku mapovu yakipasuka kati ya maneno. “Saruji juu, chuma chini. Panga boi nyuma. Musili, iko na waya. Waya nne zimeingia kwa tope.”

“Inaweza kuinuliwa?”

“Ukitaka kukutana na babu yako leo, ndio.”

“Kukata?”

“Sijui nianze na gani. Na wewe pia hujui.”

Musili alimpa mkuu wake habari.

“Hapo ulipo na ukuta ni umbali gani?”

“Kilomita nne.”

“Basi lipueni palepale. Kabla haijaamka. Maji yatameza. Ukuta utasikia mtikisiko tu.”

“Mkuu, makaburi.”

“Nimesikia.”

“Ni babu yangu. Ni ami yangu. Na kuna mtoto mahali fulani hapo kwa tope, hatujui wapi.”

“Na kule chini ya ukuta kuna watoto wangapi, Musili?” Redio ilikwaruza. Mzee alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nakupa dakika kumi na tano. Sitauliza ulizifanyia nini.”

Ndinda alibandika kilipuzi kidogo kwenye ubavu wa mashine, akaseti saa, akaanza kupanda polepole kama mpiga mbizi anavyopaswa, akisimama kila baada ya mita chache damu yake izoee.

Musili alishika simu. Wazee wa kwao hawasogezwi bila ruhusa ya mkubwa aliyebaki. Na mkubwa aliyebaki alikuwa Katelembo, na sufuria ya mbaazi.

Alimweleza kwa maneno machache. Hakuyapamba. Hakumdanganya.

Syombua aliweka sufuria chini.

“Babu yako hana shida,” alisema hatimaye. “Nyanya yako naye alikuwa mtu wa kutoa. Kisilu alikuwa askari, ataelewa. Hao wote wana majina, watakwenda wakiitwa. Lakini yule mwingine, Musili. Yule ataondoka kama nani?”

Musili alitazama maji.

“Hicho chombo chako,” mama yake aliuliza, “kile unachojisifia kanisani kwamba kinaongea na maji. Kinaongea kweli?”

“Kinaongea, Mwaitu.”

“Basi niunganishe.”

Kanuni za kikosi kuhusu jambo hilo ni ndefu na zote zinasema hapana. Musili alichomoa waya wa maikrofoni, akachomeka simu.

“Ongea, Mwaitu. Maji yanakusikia.”

Mutanu alizima injini bila kuambiwa.

Syombua alikohoa. Kisha akasema, kwa Kikamba, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aliye mbali kidogo shambani, si ya kulia, ya kuita tu:

“Muthama.”

Ndilo jina la aliyezaliwa wakati wa kuhama. Alikuwa amelitunza miaka yote hiyo, halijaguswa.

“Muthama. Wewe ni Muthama wa Syombua. Nimechelewa. Siku ya tatu imefika.”

Musili alikuwa na vipokea sauti masikioni. Alisikia jina likishuka. Alilisikia likigonga kaburi la babu, likarudi. Likigonga la nyanya, likarudi. Likigonga la Kisilu. Likigonga chuma, likarudi likiwa na kelele. Likatawanyika kwenye mapovu ya Ndinda, kwenye visiki, kwenye kundi la samaki wadogo lililopita kama mvua nyepesi. Kila kitu kilichokuwa kigumu ndani ya bwawa kilimrudishia jina la kaka yake.

Isipokuwa upande wa juu wa msingi, mahali palipokuwa tope tupu. Hapo jina liliingia, na halikurudi.

Alijua kwa nini. Ni somo la kwanza kabisa la kazi yake. Tope laini halirudishi sauti. Tope hupokea.

Alilijua somo hilo vizuri, na bado akangoja.

“Musili?” Sauti ya Ndinda ilitoka chini, ndogo. “Ni nani huyo mama? Namsikia kila upande. Ni kama ameniingia kwa mifupa.”

“Panda,” Musili alisema. “Panda tu.”

“Amesikia?” Syombua aliuliza kwenye simu.

Musili alitazama skrini. Mtu aliyesoma mwangwi maisha yake yote aliulizwa swali moja la mwangwi, na mama yake.

“Amepokea, Mwaitu.”

“Ngai abarikiwe,” Syombua alisema. “Sasa fanya.”

*

Saa kumi na dakika arobaini na mbili, bwawa la Masinga liliinua mgongo.

Halikutoa kishindo kama cha sinema. Lilitoa mguno, mmoja, wa chini, uliopanda kwa mbao za boti hadi kwenye meno. Kisha nguzo ya maji ya kahawia ilisimama nusu kilomita nyuma yao watatu, ikafikiri kidogo, ikaanguka. Mawimbi yakaja, yakapita. Samaki walianza kuelea, matumbo meupe juu.

“Kichuguu, hapa Sikio.”

“Sema.”

“Nyuki amekufa.”

“Ukuta uko salama, wameniambia sasa hivi. Mgeni wetu tumemkamata akingoja habari njema hotelini, na pasipoti zote tatu.” Kalamu ilibofywa. “Majeruhi?”

“Hakuna, mkuu.”

“Hakuna?”

“Hakuna wa kuandika.”

Nzomo aliweka kalamu chini. “Kazi nzuri, mwanangu,” alisema, na hilo la mwana halikuwa neno la kijasusi.

Musili alipitisha chombo chake mara moja ya mwisho. Pale palipokuwa na msingi, mlango uliotazama mlima na wazee watatu, skrini ilionyesha ukungu. Matope yalikuwa yamepanda, na sauti yote aliyoituma ilipotelea humo. Alizima. Alikunja waya taratibu, kwa utaratibu wa kikosi, mduara juu ya mduara.

Boti ilipogusa ufuo, aliruka chini. Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akapanda mteremko bila haraka, jua la jioni mgongoni, buti zake za Timberland zikikanyaga changarawe kwa mdundo wa mtu aliyemaliza kazi. Hakusema neno. Hakulia, maana jasusi halii. Aliingia kwenye Land Cruiser, akawasha, akaondoka, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

“Aligeuka,” asema Mutanu, ambaye hajaulizwa na mtu, ila alikuwa palepale akifunga boti yake. “Na buti gani? Buti ziko kwangu mpaka leo, hata hazijakauka. Alizivua kwa boti, mama yake alipoanza kuita, na akazisahau. Alipanda huo mteremko miguu mitupu, akafika kwa gari, akashika mlango. Halafu akarudi. Akaketi hapa kwa mchanga kando yangu, na yule msichana upande ule mwingine, tukakaa mpaka giza. Miwani alivaa, hapo umesema kweli. Lakini miwani ni ya juu. Machozi yanapitia chini.”